Wanaume sita 2013, wanawake sita 2021: tuzo za saifai na hesabu ya jinsia

Mwaka 2013 tuzo ya Arthur C. Clarke kule Uingereza, inayotolewa kila mwaka kwa riwaya bora ya saifai, yaani hadithi za kubuni zenye sayansi ndani yake, ilitangaza listi yake ya mwisho ya vitabu sita na vyote sita vimeandikwa na wanaume. Mwaka 2021 tuzo ya Hugo, ambayo ndo kongwe na maarufu kuliko zote kwenye saifai na fantasia, ikatangaza riwaya zake sita za mwisho na zote sita zimeandikwa na wanawake. Katikati hapo ni miaka nane tu. Mara ya kwanza watu wakalalamika kwamba wanawake wamebaniwa, mara ya pili wengine wakalalamika kwamba wanaume wamefungiwa nje, na mpaka leo ukiigusa hii mada mbele ya wasomaji wa hivi vitabu, dakika tano haziishi kabla watu hawajaanza kurushiana listi.

Mi hivi vitabu nimeanza kuvisoma tangu niko sekondari, vile vya maroboti na vyombo vya angani na dunia ambazo hazipo, na hii mada inanigusa kwa sababu moja ya kawaida sana: kitabu kikipata tuzo ndo kinachapwa tena, ndo maktaba inakinunua, ndo kinatafsiriwa, ndo baada ya miaka kadhaa kinafika hadi huku kwetu kwenye zile meza za vitabu vilivyotumika na mtoto wa shule anakiokota kwa bei ya soda. Kisichopata tuzo mara nyingi kinaishia kulekule. Kwa hiyo ukiniuliza nani anashinda, unaniuliza pia nani nitamsoma mimi.

Lakini mi naona wanaobishana kuhusu listi wanaangalia koki, wakati maji yanakatikia njiani. Mshindi ni mtu wa mwisho kwenye mlolongo mrefu, na kila tuzo ina mlango wake na mtu wake anayekaa mlangoni, na ukishajua nani anakaa pale, zile listi mbili zinaanza kueleweka.

Tuanze na Hugo. Ilianza mwaka 1953 na inapigiwa kura na memba wa Worldcon, mkutano wa dunia wa wapenzi wa saifai ambao kila mwaka unahamia mji mwingine. Huhitaji kuwa mwandishi wala profesa, unalipa ada ya umemba, kama dola 50 hivi kwa yule ambaye hasafiri, na unapata haki ya kupendekeza na ya kupiga kura. Kwa hiyo Hugo ni tuzo ya wasomaji, ila ni wasomaji wenye dola 50 za kulipia kura, na Worldcon yenyewe haijawahi kufanyika Afrika hata mara moja, hilo tuliweke akilini. Nebula ni nyingine, ile wanapiga kura waandishi wenyewe kupitia chama chao cha Marekani. Clarke ni ya majaji wachache, na cha muhimu zaidi, wachapishaji ndo wanaopeleka vitabu, yaani jaji anachagua kutoka kwenye rundo ambalo mtu mwingine keshalichambua. Tuzo ya World Fantasy nayo ina majaji wanaobadilika kila mwaka.

Sasa angalia miaka ileile kwenye milango miwili tofauti. Kuanzia 2016 hadi 2024, tuzo ya Hugo ya riwaya bora ilienda kwa wanawake miaka yote tisa mfululizo: N. K. Jemisin mara tatu, 2016, 2017 na 2018, na hakuna mtu kabla yake aliyewahi kuchukua mitatu mfululizo, alafu Mary Robinette Kowal, Arkady Martine mara mbili, Martha Wells, T. Kingfisher na Emily Tesh. Miaka hiyohiyo tisa tuzo ya Clarke ilienda kwa wanaume watano, akiwemo Tade Thompson mwenye asili ya Nigeria mwaka 2019, na wanawake watatu, akiwemo Namwali Serpell wa Zambia mwaka 2020, na mmoja, Harry Josephine Giles, ambaye hatoshei kwenye safu zangu mbili. Vitabu vimetoka miaka ileile, kwa lugha ileile ya Kiingereza. Kilichobadilika ni mlango. Mtu akikwambia saifai imetekwa na wanawake, au saifai bado ni ya wanaume, muulize kwanza anaongelea tuzo gani.

Na historia yenyewe haikwenda kama ngazi, kwamba zamani giza alafu polepole kukapambazuka. Mi nimekaa nikahesabu ile ya Hugo ya riwaya, miaka kumi kumi. Tangu 1953 mpaka 1969 hakuna mwanamke hata mmoja. Mwaka 1968 Anne McCaffrey alishinda kwenye kipengele cha riwaya fupi, tena kwa kugawana na mwanaume aliyefungana naye, na huyo ndo alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Hugo kwa hadithi. Mwaka 1970 Ursula K. Le Guin akachukua ile kubwa yenyewe. Kutoka hapo miaka ya sabini wanawake mara nne, miaka ya themanini mara tatu, na hapa kuna kipande cha kushangaza, kuanzia 1983 mpaka 1988 hakuna mwanamke aliyegusa, miaka sita. Miaka ya tisini mara tano, tatu kati ya hizo akiwa Lois McMaster Bujold, ambaye mpaka 2004 alishafikisha Hugo nne za riwaya. Alafu miaka ya elfu mbili ikarudi tena kuwa tatu. Ndo miaka kumi iliyofuata ikawa saba kati ya kumi, alafu mfululizo ule mpaka 2024, na 2025 akaja Robert Jackson Bennett, mwanaume, akashinda, na dunia ikaendelea.

Unaona? Inapanda inashuka. Miaka ya sabini kulikuwa na vuguvugu kubwa la wanawake kwenye saifai, watu wakadhani kazi imeisha, alafu katikati ya miaka ya themanini ikawa kama hawakuwahi kuwepo. Ndo maana mi siamini wanaosema hili jambo limeshatatuka lenyewe, na siamini pia wanaosema mfululizo wa miaka tisa ni kitu cha milele. Miaka ile ya mwanzo ya wanaume watupu haikuitwa njama na mtu yeyote, iliitwa kawaida.

Sasa hapo zamani wanawake walikuwa wapi? Wengi walikuwepo, ila majina yao hayakuwepo. Andre Norton, aliyewalea wasomaji wengi sana wa Marekani, alizaliwa Alice Mary Norton, akabadilisha jina mwaka 1934. C. J. Cherryh anaitwa Carolyn Janice Cherry, akatumia herufi tupu, na mchapishaji wake ndo akaongeza ile h ya mwisho kwa sababu Cherry peke yake ilisikika kama jina la mwandishi wa hadithi za mapenzi. Jarida la wanaume la Playboy lilipochapisha hadithi ya Le Guin mwaka 1969 waliomba jina liandikwe U. K. Le Guin, herufi tu, ili msomaji asijue. Hata J. K. Rowling, ambaye alichukua Hugo ya riwaya mwaka 2001, zile herufi zilitokana na mchapishaji kuogopa kwamba wavulana hawatasoma kitabu cha mwanamke. Kwa hiyo mtu anayehesabu majina ya wanawake kwenye jalada za zamani anahesabu pia woga wa wachapishaji.

Kisa kikubwa kuliko vyote hapa ni cha James Tiptree, Jr. Huyu alitokea mwishoni mwa miaka ya sitini, anaandika hadithi fupi kali, zina bunduki, zina safari za anga, zina kifo, haonekani kwenye mikutano, anawasiliana kwa barua tu. Watu wakaanza kuvumisha kwamba pengine ni mwanamke. Mwandishi mwenzake, Robert Silverberg, mwaka 1975 akaandika utangulizi wa kitabu cha Tiptree akasema hapana, kwenye uandishi wa huyu mtu kuna uanaume ambao huwezi kuukwepa. Kufikia 1977 ikawa imejulikana wazi kwamba Tiptree ni Alice Sheldon, mwanamke wa miaka sitini na kidogo, aliyewahi kufanya kazi jeshini na CIA, mwenye shahada ya udaktari wa saikolojia, na ambaye akiwa na miaka sita tu alipitishwa kwenye misitu ya mashariki ya Kongo na wazazi wake kwenye msafara wa kutafuta sokwe wakubwa. Tayari alikuwa ameshapata Hugo na Nebula akiwa mwanaume. Jina Tiptree alilitoa kwenye chupa ya jemu dukani.

Mi kila nikikifikiria hiki kisa nakaa kwenye sehemu moja ambayo nadhani msomaji wa Kiswahili anaiona haraka kuliko wenzetu. Kiingereza kila ukimtaja mtu lazima uchague, wa kiume au wa kike, huna pa kujificha. Wote waliomwandika Tiptree miaka ile yote kumi walilazimika kumpa uanaume kila sentensi, na kila sentensi ikawa inaujenga ule uanaume zaidi. Sisi tunasema aliandika, alishinda, amekufa, yeye, huyu, na hakuna anayejua. Kiswahili kingemhifadhi Tiptree bila yeye kudanganya hata mara moja. Le Guin naye, kitabu kile kilichompa Hugo ya 1970 kinahusu watu ambao hawana jinsia ya kudumu, na akalazimika kuwaita wote kwa neno la kiume la Kiingereza, akalaumiwa, yeye mwenyewe baadae akaandika kwamba angelifikiria upya. Alafu mwaka 2014 Ann Leckie akachukua Hugo, Nebula na Clarke kwa kitabu kimoja, ambamo msimulizi anawaita watu wote kwa neno la kike, wanaume na wanawake pamoja, na wasomaji wa Kiingereza walitikisika kweli. Kitafsiri kwa Kiswahili uone: ule mtikisiko wote unayeyuka, kinabaki kitabu cha vita na kisasi. Hatusomi kwa macho yaleyale, na sijaona sababu ya sisi kubeba ugomvi wao mzimamzima bila kuupitisha kwenye lugha yetu kwanza.

Ila tusijidanganye pia. Kiswahili kinaficha jinsia kwenye kitenzi, lakini Asha ni Asha na Juma ni Juma, jina liko pale juu ya jalada.

Turudi kwenye ile listi ya Clarke ya 2013, kwa sababu hii ndo inafundisha zaidi. Wengi walivyoona wanaume sita watupu walidhani majaji walikuwa wanaume. Walikuwa watano, na wanne kati yao ni wanawake. Majaji hao watano waliletewa vitabu 82, na kwenye vile 82 vilivyoandikwa na wanawake havikufika robo. Ukishakuwa na rundo la namna hiyo, kupata listi ya sita bila mwanamke inawezekana kabisa hata kama kila jaji ana nia safi. Sasa swali linahama, kwa nini wachapishaji walipeleka vichache? Mwaka huohuo 2013 mhariri wa Tor ya Uingereza, kampuni ya kuchapisha vitabu vya saifai na fantasia, akaamua kuweka hesabu yake hadharani: miswada zaidi ya 500 aliyoipokea tangu Januari, theluthi moja tu ndo ilitoka kwa wanawake, na ile ya saifai peke yake ilikuwa asilimia 22. Kwa hiyo mhariri anasema mi naletewa hivi, jaji anasema mi naletewa hivi, kila mtu ananyoosha kidole kwa aliye nyuma yake kwenye foleni.

Na wote wanasema kweli! Hapo ndo ugumu ulipo. Lakini ndani ya hesabu za yule mhariri kuna kitu kingine, kwamba kwenye fantasia za mjini, zile za wachawi na mazimwi ndani ya jiji la leo, wanawake walikuwa zaidi ya nusu, na kwenye vitabu vya vijana walikuwa theluthi mbili. Hawakuwa wamekosekana, walikuwa wamewekwa kwenye rafu nyingine. Na Clarke haipokei fantasia, inapokea saifai tu. Nani anaamua kitabu ni saifai au ni fantasia? Mara nyingi ni idara ya mauzo. Kitabu chenye safari ya muda na mapenzi ndani yake, kikiwa cha mwanaume kinapewa jalada la nyota na chombo cha angani, kikiwa cha mwanamke kinapewa jalada la binti mwenye nywele zinazopepea, na lebo ikishabandikwa, mlango wa tuzo ushafungwa kabla kitabu hakijasomwa na jaji yeyote. Halafu huyo mwanamke anayeanza kuandika anaingia dukani, anaangalia rafu ya saifai, anaona majina yaleyale ya kiume, anajiambia mi sio wa hapa, anaandika fantasia, na mwaka unaofuata mhariri anapokea asilimia 22 tena. Mduara umefunga.

Jambo hilohilo lipo kwenye uhakiki. Kuna jarida la saifai, Strange Horizons, ambalo kwa miaka kadhaa, kuanzia na hesabu ya mwaka 2010, lilikuwa linahesabu majarida yanahakiki vitabu vya nani, na majarida mengi yalikuwa yanahakiki vya wanaume zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Msomaji anayepiga kura ya Hugo hawezi kupigia kitabu ambacho hajawahi kusikia kipo.

Sasa Hugo ilitokaje kwenye tatu kati ya kumi miaka ya elfu mbili mpaka tisa kwa tisa? Hapa lazima tuingie kwenye sistimu yake ya kura, na nitakuomba uvumilivu kidogo kwa sababu bila hii huwezi kuelewa ugomvi wa 2015. Kura za Hugo ni mbili. Ya kwanza ni ya mapendekezo, kila memba anaandika vitabu vitano anavyovipenda. Vitabu vinavyotoka kwa mwaka ni vingi mno, kwa hiyo kura zinatawanyika sana, kila mtu na chake. Katika hali hiyo kikundi cha watu mia mbili tatu wakikubaliana kuandika vitabu vilevile vitano wanajaza listi nzima, hata kama maelfu ya wengine hawavitaki. Ni kama uchaguzi wa kiranja darasani, wanafunzi arobaini wanataja majina arobaini, alafu madawati mawili ya nyuma yamekubaliana jina moja.

Ndo kilichotokea. Kuanzia 2013 kikundi kilichojiita Sad Puppies, na baadae kingine kikali zaidi cha Rabid Puppies, walikuwa wanadai Hugo imetekwa na watu wa siasa za mrengo wa kushoto, kwamba waandishi wanapewa kura kwa sababu ya jinsia au rangi na sio kwa sababu ya hadithi nzuri. Mwaka 2015 wakaandaa listi zao, wakapiga kwa pamoja, wakajaza vipengele karibu vyote vya hadithi. Lakini kura ya pili ya Hugo inafanya kazi tofauti, unapanga vitabu kwa namba, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na unaruhusiwa kuweka "hakuna anayestahili" mahali unapotaka. Watu waliposikia kilichotokea wakalipa umemba kwa wingi, zikapigwa kura karibu 6,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla, na kwenye vipengele vitano mshindi akawa hakuna anayestahili. Mi hilo linaniuma kwa pande zote, kwa sababu ndani ya zile listi kulikuwa na waandishi ambao hawakuomba kuwekwa, na nje yake kulikuwa na waandishi ambao mwaka wao ulipotea tu hivihivi.

Baada ya hapo sheria ikabadilishwa, ikaanza kutumika 2017: kila memba ana pointi moja ya mapendekezo na inagawanywa kwenye vitabu vyake vilivyobaki kwenye mchuano, kwa hiyo anayesukuma vitano kwa mpigo nguvu yake inagawanyika mara tano, alafu listi ya mwisho ikawa na vitabu sita badala ya vitano. Ukiuliza mi naona nini kilichogeuza Hugo, nitasema ni mambo mawili yaliyokutana. Vitabu vya wanawake vilikuwa tayari vipo, vizuri, vinasomwa. Na yale maelfu ya watu walioingia kwa hasira ya 2015 wengi wao walikuwa wasomaji wa hivyo vitabu ambao hawakujua kabla kwamba kura ni ya kununua na inapatikana. Waliokuja kuubomoa mlango waliwaonyesha wengine kwamba mlango upo.

Kwa hiyo ile listi ya wanawake sita ya 2021, je, ni usawa? Kwa mwaka mmoja, hapana, sita kwa sifuri sio usawa kwa hesabu yoyote ile, na sitaki kumjibu mtu kwamba eti ni zamu yao, kwa sababu mwandishi mwanaume anayeanza leo hakuwepo 1953 na hana deni la mtu. Lakini anayesema wanaume hawashindi tena naye hajaangalia milango mingine. Nebula ya riwaya ilienda kwa P. Djèlí Clark mwaka 2022, kwa Vajra Chandrasekera wa Sri Lanka 2024, kwa John Wiswell 2025, wote wanaume, na ile wanapiga waandishi wenyewe. Mi usawa sioni kama ni kila listi kuwa tatu kwa tatu. Naona ni ile hali ambayo listi ya wanaume sita na listi ya wanawake sita zote zinaweza kutokea mara mojamoja kwa bahati, na hakuna mtu anayelazimika kubadilisha jina lake ili kuingia kwenye hata moja.

Alafu kuna watu ambao hii hesabu yetu ya safu mbili inawatupa nje kabisa. Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Nigeria, amejieleza wazi kwamba si mwanamke wala mwanaume, na mwaka 2019 riwaya yake ya kwanza ilichukua Nommo, tuzo ya saifai na fantasia ya Afrika, inayopigiwa kura na memba wa chama cha waandishi wa Afrika kilichoanzishwa 2016. Nommo ilitolewa mara ya kwanza 2017, riwaya akachukua Tade Thompson, riwaya fupi akachukua Nnedi Okorafor kwa kitabu kilichokuwa tayari kimeshinda Hugo na Nebula, na kinaitwa Binti, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa maana yake.

Na sisi wenyewe? Ukimuuliza mwalimu wa fasihi akutajie riwaya za Kiswahili zinazokwenda nje ya dunia hii ya kawaida atakutajia Nagona na Mzingile za Kezilahabi, Walenisi ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila. Kazi nzito, nazipenda, na zote za wanaume. Lakini mimi hadithi za majini, za zimwi linalomeza kijiji, za nyoka anayegeuka mume, sikuzisikia kwa mwanaume. Nilizisikia kwa bibi, usiku, umeme umekatika, na bibi alijifunza kwa mama yake. Wataalamu wa fantasia wa kwetu walikuwa wanawake siku zote, ni uchapishaji ndo uliopita pembeni yao, na hakuna tuzo duniani inayopokea kitu kilichosemwa jikoni na hakikuandikwa.

Ndo maana habari ya Khadija Abdalla Bajaber ilinifurahisha mpaka nikampigia simu dada yangu. Ni mwandishi wa Mombasa. Mwaka 2018 shirika la uchapishaji la Graywolf la Marekani lilitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya mswada wa riwaya ya kwanza kutoka Afrika, yaani huhitaji kuwa na kitabu tayari wala mchapishaji wa kukupeleka, unatuma mswada, akashinda. Kitabu kikatoka 2021, The House of Rust, binti wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, na paka anayeongea, kumtafuta baba yake mvuvi aliyepotea. Mwaka 2022 ilipotolewa kwa mara ya kwanza tuzo yenye jina la Ursula K. Le Guin, dola 25,000, mshindi akawa yeye. Le Guin, yuleyule aliyeombwa na Playboy afiche jina lake. Tuzo hiyo inachagua majaji waandishi mwishoni, lakini mwanzoni kabisa mapendekezo yako wazi kwa mtu yeyote, msomaji wa kawaida, mkutubi, muuza vitabu, unajaza fomu, hulipi kitu. Kitabu kinatakiwa kiwe kimechapwa kwa Kiingereza, na hapo ndo hadithi za bibi zinapokwama tena.